Nyumba Iliyopita Ufito

Mutegi hakuwa na gari, hakuwa na ng'ombe wa gredi, hakuwa na meno ya mbele, wala cheti cha shule yoyote ya mchana. Alichokuwa nacho ni Kiswahili alichokisomea ngumbaru, shule ya jioni ya watu wazima, akiwa na miaka hamsini, na bintiye Kathambi, ambaye hakujua kukosea hesabu.

Sasa vyote viwili vilikuwa vimezidi.

Wachumaji chai wa Nkubu hulaza ufito juu ya michai. Chipukizi linaloupita hukatwa, shamba likae sawa kama meza. Serikali ya Usawa ilipoingia iliupenda mtindo huo, ikaanza kuwapimia watu. Kila nyumba ilipewa kipimo cha akili. Aliyezidisha alipelekwa kambini upande wa Kiambere, na aliporudi aliulizia jina lake mwenyewe.

"Mzee, nyumba yako amepita ufito," alisema Kinoti, mpimaji wa kata, akiketi kabla ya kukaribishwa.

"Imepita," Mutegi akamsahihisha.

"Unaona? Hiyo ndiyo shida yako." Kinoti akacheka. "Msichana amepata tisini."

"Nilimwambia akosee."

"Alikosea moja, halafu akaifuta akaandika sawa. Lori la kambi linakuja Ijumaa. Labda wewe ushuke. Baba asiyejua kusoma anapunguzia nyumba alama arubaini. Leta barua inayosema hujui. Lakini ukionekana unasoma hata gunia la mbolea, mtapanda lori wawili."

Mutegi, aliyewahi kumsahihisha kasisi katikati ya mahubiri, alimfungulia mlango.

Kinoti alipoondoka, Mutegi alimwita mkewe Nelius, aliyeacha shule darasa la tatu. "Andika wewe. Mwandiko wa Kathambi utatufunga."

Nelius aliandika polepole, ulimi nje: *Mzee yangu hajui kusoma. Hiyo vitabu ni ya kufunga sukari.*

"Mzee wangu," Mutegi alinong'ona. "Hivyo vitabu ni vya..."

Kalamu ikasimama. "Nirekebishe, Baba Kathambi?"

Mlangoni, Kathambi alikuwa ameuma ukosi wa sweta yake ya shule. Vidole vya Mutegi vilimwasha.

"Acha hivyo."

Akapaka dole gumba masizi ya sufuria, akalibonyeza pale ambapo angeandika majina yake matatu. Wakaifunga bahasha kwa ugali wa jana.

"Kinoti huandikwa vipi?" Nelius akauliza.

Mutegi alitazama ukuta.

"Sijui," akasema.

Nelius akaandika alivyoweza, akajitanda leso, akaenda kuitumbukiza barua kwenye sanduku la kata.