Kipulizio cha Buluu

Ukitaka kumkasirisha Mwalimu Kitheka, mwambie bendi yake imevaa vibaya. Noti iliyokosewa angekusamehe. Soksi zisizofanana, hapana. Kwa miaka arobaini ameongoza bendi ya kanisa lao pale Kangemi, na kila Jumapili wanapoandamana kando ya soko, ala zao hung'aa mpaka wauza sukuma wiki wakakinga macho. Hiyo ndiyo fahari yake, na ndiyo iliyomponza.

Wiki tatu kabla ya Jumapili ya Matawi alimpeleka Jacklyne mjini, kwenye duka la ala za muziki la mzee Harbans Singh. Jacklyne ndiye mpiga tuba, ile tarumbeta kubwa ya besi; ni msichana mwembamba mwenye pumzi za ajabu, lakini kila akipuliza nusu saa mdomo wake wa juu huvimba, ukawasha na kuchubuka. Mwanzoni Kitheka alisema ni rangi ya mdomo. Kisha akasema ni uvivu. Hatimaye Jacklyne akamwambia kwa adabu zote kwamba ataacha bendi baada ya Pasaka, na hapo mwalimu akashtuka, kwa sababu bendi bila tuba ni nyumba bila msingi.

Harbans hakuuliza mengi. Alivaa miwani, akautazama mdomo wa Jacklyne, kisha akakichukua kipulizio chake, kile kikombe kidogo cha chuma kinachochomekwa kwenye tuba ili mtu apate pa kuweka midomo. Akakikwaruza ukingoni kwa ukucha.

"Mwalimu, ona hapa. Silver ya juu imeisha. Hii ya njano ni shaba, na kuna watu ngozi yao inakataa shaba kabisa."

"Basi tupe ingine ya silver. Ile inang'aa," Kitheka akasema.

"Ya kung'aa iko. Lakini baada ya miaka mbili itachubuka tena, na huyu atalia tena. Wewe unachagua mouthpiece kwa macho. Mouthpiece inachaguliwa na mdomo." Akamgeukia Jacklyne. "Wewe unataka plastiki. Haina chuma, haiwezi kukuwasha."

"Iko wapi nijaribu?" Jacklyne akauliza.

"Nilikuwa na moja tu, ya buluu. Niliuzia yule mtu wenu wa meno."

Kitheka akahisi masikio yakiwaka moto.

"Huyo alikuja Jumamosi tatu," Harbans akaendelea, hana habari anachokoroga. "Alikaa hapo kwa hiyo stuli, akajaribu kila kitu kwa hii kabati, ameshikilia meno ya bandia na kidole. Chuma ilikuwa nzito, inasukuma meno. Siku ya tatu nikampea ile ya plastiki. Nyepesi, ukingo mpana. Alipuliza noti moja tu. Nikaona macho imejaa maji. Akaniambia, 'Singh, na hii nitapuliza mpaka nikufe.' Bado anapuliza?"

"Hapana," Kitheka akajibu. "Aliacha."

Mtu wa meno ni Kitavi. Walianzisha bendi pamoja, Kitheka na tarumbeta, Kitavi na tuba, walipokuwa vijana wawili wenye suruali moja ya maana kila mmoja. Miaka mitatu iliyopita pikipiki ilimgonga Kitavi, meno mawili ya mbele yakaenda. Watu wakasema basi, kwisha kazi. Lakini kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi. Baada ya miezi minne alirudi mazoezini na meno mapya mdomoni na kipulizio cha plastiki mfukoni, buluu kama beseni la kufulia.

Kitheka hakumpa hata nafasi ya kupuliza. Mbele ya bendi nzima alikinyakua, akakiinua juu na kusema, "Hii ni bendi ya Bwana, si duka la mabeseni." Bendi ikacheka. Ulimi hauna mfupa, na alipoona wamecheka akaongeza kwamba mtu akizeeka mdomo, awaachie wenye meno. Kitavi aliilaza tuba chini polepole, kama mtu anayemlaza mtoto, akavaa kofia yake akaondoka. Kitheka alikitia kipulizio kwenye droo ya kabati la bendi, akafunga kwa ufunguo. Atarudi kukichukua, alisema. Wiki ikapita, mwezi ukapita, na haya ikageuka kiburi, kiburi kikageuka mazoea.

Jioni hiyo hiyo alilifungua kabati. Kilikuwa pale chini ya vitambaa vya kung'arishia, hakina hata mkwaruzo. Angeweza kumpa Jacklyne kesho yake na mambo yakaisha. Nani angejua? Alikaa nacho kiganjani muda mrefu. Kilikuwa chepesi kweli, na wepesi ule ulimuuma kuliko maneno yote ya Harbans. Hakikuwa mali ya bendi. Hakuwahi kuwa na haki ya kukifungia.

Jumamosi akaenda mtaa wa Satellite, anakoishi Kitavi. Mkewe, Phoebe, ndiye aliyefungua mlango.

"Ni wewe, shemeji," akasema, bila kutabasamu na bila kumfungia. "Pita. Yuko ndani."

Kitavi alikuwa kwenye kiti, amevaa ndara, anasoma gazeti. Amekonda kidogo. Kitheka alikuwa amepanga maneno tangu Kangemi, yote yakamtoroka. Akakitoa tu kipulizio na kukiweka mezani.

"Nilikukosea, bwana. Nilikukosea mbele ya watu, na sikuwa na haki. Nimeenda kwa Harbans, ameniambia vile ulikichagua. Mimi sikukuuliza hata swali moja."

Kitavi alikitazama. Akakifuta kwa pindo la shati, akakipeleka mdomoni na kupuliza bila tuba, kama wanavyofanya wapiga tuba wakijinoa. Ikatoka sauti nene, nzuri, ile ile ya zamani, na Kitheka akainua kichwa kwa furaha. Kisha ikatetemeka, hewa ikavuja pembeni, ikabaki pumzi tupu. Akajaribu tena. Mara ya tatu akakishusha.

"Lip imelala," akasema. "Mdomo umesahau kazi."

"Itaamka! Mwezi moja tu ya mazoezi. Nitakuja mimi mwenyewe, kila jioni."

"Kitheka, skiza. Ule mwaka wa kwanza nilikungoja. Kila Jumamosi saa nane nilikuwa navaa viatu. Phoebe akiniuliza naenda wapi, namwambia leo Kitheka atapita, twende mazoezi. Mwaka wa pili akaniomba niache kuvaa viatu." Alicheka kidogo, lakini Phoebe, aliyesimama mlangoni, hakucheka. "Nina miaka sitini na tatu. Ukiniletea hii wakati huo, ningepuliza. Sasa sina hamu ya kuanza."

"Nisamehe."

"Nilikusamehe kitambo. Lakini hiyo haiwezi kurudisha lip." Akamsogezea kipulizio. "Huyo msichana anayepuliza siku hizi, nasikia anaumia mdomo. Mpelekee. Mwambie aoshe na maji baridi, asitumie ya moto. Na wewe usimchagulie kitu tena bila kumuuliza."

Kitheka alitoka akalia barabarani, mchana kweupe, mzee mzima na koti lake la bendi. Maji yaliyomwagika hayazoleki, na aliyeyamwaga ni yeye.

Jumapili ya Matawi walitoka kanisani saa nne. Barabara ilijaa watu na makuti. Jacklyne, aliyekijaribu na kukichagua mwenyewe kile kipulizio cha buluu, alipuliza kuliko siku zote, mdomo hauwashi, tuba ikinguruma mpaka mama mmoja muuza ndizi akaacha wateja, akapiga vigelegele. "Leo hiyo besi imeshika!" akapaza sauti.

Kitheka alitembea mbele, lakini badala ya kuitazama bendi aliwatazama watu. Alimtafuta Kitavi kwenye umati, hakumwona. Halafu akaanza kutafuta kingine. Alimtafuta mtu mmoja tu, mchuuzi au mtoto au mpita njia, mwenye kunyoosha kidole na kucheka kile kitu cha buluu. Hakumpata. Watu walitazama tuba. Walitazama makuti, na soksi nyeupe, na msichana mwembamba anayebeba mzigo mkubwa kuliko yeye. Akageuka kumtazama Jacklyne mwenyewe, hatua nne tu kutoka kwake, na hata Kitheka hakukiona. Midomo ya Jacklyne na kivuli cha tuba vilikuwa vimekifunika chote.