Nguzo Iliyotulia

Ramani ilimruhusu Gachanja orofa mbili pale mtaa wa Tena, Nairobi. Akajenga nne, na mwaka wa tisini na sita akaanza kupandisha mawe ya orofa ya tano sisi wapangaji wake tukiwa mle ndani. Tulipomwendea alitusikiliza akiwa garini, kioo ameshusha nusu.

"Nyinyi ni mainjinia? Nileteeni mtu mwenye mashine aseme nguzo yangu inachoka. Akisema inachoka, nasimamisha. Haki ya Mungu."

Sijasahau hata rangi ya shati lake.

Mtu mwenye mashine tulikuwa naye. Koki Mativo alikuwa fundi wa maabara chuoni, na mamake, Nthoki, aliishi orofa ya nne, miguu imevimba, hashuki ila kwa kubebwa. Kila Jumamosi Koki alimjia na mboga na ugomvi uleule: uhame, sihami.

"Nguzo ikiwa mbaya nambeba leo leo, atake asitake," alituambia. "Ikiwa nzima, namwacha na jua lake pale barazani."

Akabandika geji kwenye nguzo ya katikati, kando ya ngazi. Geji yenyewe ni kijikaratasi kama stempu, ndani yake waya mwembamba uliokunjwakunjwa. Nguzo ikibanwa, waya unabanwa nayo, na umeme unaopita humo unabadilika kidogo mno, sehemu ya milioni ya volti. Lakini nje kulikuwa na vijana wa kuchomelea mageti, na kinu cha unga, na redio za kila mlango. Waya ulipokea mngurumo wote huo, sauti ya nguzo ikazama.

Jumamosi iliyofuata akaja na sanduku zito lenye vifundo na mshale.

"Hiyo nayo ni redio?" aliuliza Muturi, mwashi wa nyumba ya chini, baba yake Njoki.

"Ni amplifaya, Baba Njoki. Maabara tunaiita lock-in. Si agenti wa Gachanja akiingia kudai kodi mnagonga bomba la maji kuambiana?"

"Ko-ko, ko. Ndiyo."

"Watoto wanalia, redio zinalia, na bado unasikia."

"Si najua mpigo wetu!"

"Basi. Natuma mpigo wangu kwenye geji, na hii inausikiliza huo tu. Mngurumo mwingine wote inautupa."

"Kumbe nayo ni mpangaji!" mtu akapiga kelele, tukacheka. Muturi alichelewa kucheka.

Wiki nzima mshale haukusogea. Nilimvuta Koki kando kabla ya mkutano wa kumpa Gachanja majibu.

"Sema inachoka tu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

Akasimama mbele yetu, na mbele ya Gachanja, akasema kama alivyoona: nguzo imetulia. Gachanja akapiga makofi peke yake. Mawe yakaendelea kupanda, na Nthoki akabaki na jua lake.

Jumamosi nyingine Koki alikuta mawe ya lori zima yamerundikwa juu ya paa. Akaenda moja kwa moja kwenye mashine. Mshale palepale. Alifurahi kidogo, kisha uso ukambadilika.

"Hii si sawa," alisema. "Uzito wote huo, hata nguzo nzima ingebanwa kidogo. Kisichosikia mzigo hakijabeba mzigo."

Akaigonga nguzo kwa ufunguo. Ikalia kama debe. Akagonga tena juu zaidi, na mlango wa Muturi ukafunguka, naye akatoka amekuwa rangi ya jivu.

"Koki, mwanangu. Hiyo ni plasta."

Wakwe walipokuja kwa ruracio, mazungumzo ya mahari ya Njoki, Muturi alikuwa ameipaka nguzo plasta nene na rangi juu yake. Nyufa za nguzo zingemwaibisha; nani huoa kwenye nyumba inayopasuka? Plasta ikaachana na zege kimyakimya, ikabaki imesimama peke yake kama ganda. Na wakwe walikuwa bado wanarudi kumaliza mazungumzo. Angelisemaje jambo hilo mbele ya mtaa mzima?

Wiki zote hizo tulikuwa tumeisikiliza plasta.

Koki alikuwa ameshashika ngazi anapanda mbio, na Muturi nyuma yake, anapiga milango kwa viganja: tokeni, tokeni! Tulitoka na watoto, na magodoro, mwingine na sufuria ya maharagwe ikichemka. Wao wakamtoa Nthoki juu ya kiti, Muturi na kijana mmoja wa kupandisha mawe wamekishika, Koki mbele akifokea watu wapishe. Walikuwa wamefika orofa ya pili nguzo ilipokaa chini, na nyumba nayo.

Koki na Muturi tuliwafukua wakiwa hai. Nthoki na yule kijana tuliwafukua pia.

Mahakamani wakili wa Gachanja hakuuliza habari za orofa mbili zilizoruhusiwa. Alimsimamisha Koki.

"Nani alimwambia mteja wangu kwamba nguzo imetulia?"

"Mimi."

"Mashine yako ilikosea?"

"Haikukosea."

"Basi aliyekosea ni nani?"

Muturi alikuwa ameketi kando yangu na magongo yake. Nilimtazama Koki nikimwomba kwa macho aseme, aseme yote, ili Gachanja asitoke hivihivi.

"Ni mimi," Koki alisema.

Gachanja akatoka hivihivi, anapeana mikono na watu. Leo ana majumba mengine, na watu wanalala ndani yake.

Nje, Muturi alimfuata Koki akichechemea.

"Kwa nini hukunitaja?"

"Wangekufunga wewe, na yeye angeenda kwake vilevile." Akamgeukia. "Baba Njoki, mimi nilikuwa mbele napiga kelele. Sikumsikia mama. Alisema nini pale ngazini?"

Muturi akaegemea magongo yake.

"Alikuwa anacheka. Alisema leo amebebwa kama bibi arusi, twende polepole, majirani wamwone."

Koki akaketi kwenye ngazi za mahakama, watu wakawa wanampita kila upande.