Mkwe Ndani ya Simu

Kwa Anyesi, mitandao ya kijamii ilikuwa nyumba iliyojengwa bila milango, na hakuona kwa nini mtu mwenye heshima zake aingie humo. Alikwisha kuyasema hayo mbele ya akina mama wa usharika, pale Ngaramtoni, wakampigia makofi. Lakini binti yake, Nice, alikuwa amejifungua huko Mtwara, mwendo wa siku mbili kwa basi, na moyo wa bibi haukuwa tayari kungoja likizo ya Desemba ndipo aone sura ya mjukuu wake wa kwanza. Basi alifunga kilemba kipya, akaenda kwa jirani yake Kandida, mwalimu mwenye simu kubwa.

"Leo mama umehamia upande wetu?" Kandida alimchokoza.

"Sijahama. Nimepita kuchungulia tu."

Saa nne kamili, kama walivyopatana na Nice, simu ya video iliita. Anyesi aliikodolea macho, tabasamu limemjaa tayari. Na badala ya Nice ukatokea uso wa Lengai, mkwewe, mpana kama sinia, ndevu zote zikihesabika.

Katika desturi ya Waarusha aliyolelewa nayo Anyesi, mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani ovyo. Kwa miaka mitatu wawili hao walikuwa wamepishana kwa adabu kubwa: mmoja akiingia kwa mlango wa mbele, mwenzake hutokea uani. Hakuna aliyewahi kumwona mwingine akitafuna. Na sasa walikuwa pua kwa pua.

"Yeyo!" Lengai alipiga ukelele, akimwita mama kwa Kiarusha.

"Uuuwi!" Anyesi alijibu, akajitupa nyuma ya kochi kwa wepesi ambao magoti yake yalikuwa yameusahau tangu usichana.

Huko Mtwara nako simu ilianguka, ikabaki inaonyesha feni ya darini.

"Umeona?" sauti ilitoka nyuma ya kochi. "Ndiyo haya niliyoyasema!"

"Shemeji," Kandida aliuliza, akikizuia kicheko kwa kiganja, "Nice yuko wapi?"

"Muuguzi amemwita kumbadilishia bandeji. Akasema nipige mimi, mama asingoje. Nilidhani utapokea wewe, mwalimu!"

"Basi nakata, tutapiga baadaye."

"Usikate!" Anyesi alifoka. Alikuwa amesikia chafya, ndogo kama ya paka.

Vikafuata vishindo na mguno. Feni ikatoweka. Kwenye kioo likaonekana blanketi lililosimama kama kichuguu, na juu ya magoti ya kichuguu hicho mtoto mwekundu, amekunja ngumi.

"Mwanangu," kichuguu kilinena, kikimwelekea mtoto, "mwamkie koko, bibi yako. Mwambie una kilo tatu na nusu."

Kilitangulia kilemba, kisha jicho moja, kisha bibi mzima.

"Mjukuu wangu," Anyesi alisema, "mwambie baba yako amefanya vyema. Na mwambie pua ni ya kwetu."

"Mwambie koko, masikio ni ya kwetu."

"Mwambie hayo nimeyaona. Tutamwombea!"

Kichuguu kikaanza kutikisika kwa kicheko. Blanketi likateleza, likachomoza sikio, zikafuata ndevu. Mayowe mawili yakagongana, la Mtwara na la Ngaramtoni, na Kandida akakata simu huku akicheka.

Anyesi aliketi sakafuni, kilemba kimepinda, machozi ya kicheko yakimtiririka.

"Haya, mama," Kandida alisema alipoweza kusema. "Mitandao inatujenga au inatubomoa?"

"Mwalimu, usinipe mtihani. Mpigie tena. Mwambie safari hii pindo la blanketi alikalie."