Mwambie Amepata Nafasi

Mimi nikikasirika, mtaa wetu wote wa Lindi unajua. Jumatatu hiyo nilikasirika nikiwa Kawangware, kwenye chuo cha walimu wa chekechea, mbele ya karani mmoja anaitwa Kagiri.

"Mama, hapa tunataka Kiswahili," alisema, kidole kwenye cheti cha binti yangu Eddah. "Huyu hajafanya."

"Amefanya Lugha ya Ishara, akapata B! Viziwi hufanya hiyo badala ya Kiswahili. Ama hiyo nembo ya serikali unaona ni urembo?"

"Mama, hiyo si lugha. Ni mikono tu."

Weh! Nilipandwa na hasira. Eddah alinivuta gauni ninyamaze, lakini wapi. Nilimwambia Kagiri ni lugha kamili, ina hadithi, ina mizaha, hata matusi iko nayo. Nikamtandikia mezani barua ya wizara, ile mwalimu wa Eddah alitutafutia, inayosema cheti hicho ni sawa na kingine chochote.

"Na leo ndiyo siku ya mwisho ya kusajili. Nimefunga kibanda changu cha mboga ya sukuma na nimebeba chapati. Sitoki hapa!"

Kagiri akasoma barua. Akaisoma tena. Akaibeba kwa mkuu wa chuo, akafunga mlango. Tangu akiwa mdogo Eddah amekuwa akitaka kufundisha watoto, na mwaka mwingine wa kukaa nyumbani ungemmaliza.

Kagiri alirudi akitabasamu kwa aibu. "Pole, mama. Barua iko sawa. Amepata nafasi. Haya, mwambie."

Nikamgeukia mtoto wangu. Mikono ikapanda, ikakwama hewani. Njoo, kula, lala, ngoja: ishara hizo tu ndizo najua. Alikwenda shule ya bweni akiwa na miaka sita, likizo zilikuwa fupi, na mimi kila siku niko kibandani. Asubuhi yote natetea lugha ambayo mwenyewe siijui! Niliona haya, jamani, mpaka machozi yakanitoka.

Basi nikacheza. Pale pale ofisini nikakata kiuno, mfuko wa chapati ukaanguka. Eddah akaelewa. Akanirukia, akacheka, akalia. Kisha akashika mikono yangu, akapanga vidole kimoja kimoja, polepole, kunionyesha vile husemwa "umepata nafasi". Hivi. Nikarudia vibaya. Akatingisha kichwa: tena.

Kumbe Kagiri naye, nyuma ya meza, anajaribu.

"Unakosea," nilimwambia.

Mwalimu wetu Eddah alinikazia macho, nikaanza upya.