Yaya wa Sifa

Zipu ya begi ndiyo iliyoniamsha, kabla jogoo wa jirani hajawika. Namuar alikuwa akiifunga polepole ili nisisikie. Inakwama, anairudisha, anaivuta tena. Nililala nikimsikiliza. Mjukuu wangu ni mwalimu na watoto wa darasani wanamwogopa, lakini tangu aje kuishi kwangu hapa Lodwar hajawahi kuniamsha kwa makusudi.

Ndani ya begi mlikuwa na vitabu vyake. Vilikuwa vimefika juzi kutoka kwa mchapishaji, bado vinanuka wino. Asubuhi hiyo tulikuwa tunavipeleka Kakuma kwa Eugénie, akasomewe mbele ya watu. Bila neno la Eugénie hakuna hata kimoja ambacho kingeuzwa, kwa sababu Sifa ni wake.

Sifa ni nahodha wa chombo cha angani. Ametungwa, hilo najua, lakini kuna watu wa kweli ninaowafahamu kidogo kuliko yeye. Eugénie, mkimbizi kutoka Kongo, alimtunga kwa ajili ya mchezo wa redio, na kwa miaka mingi Jumapili mchana mtaa wetu wote ulikuwa unanyamaza kumsikiliza. Jua la kwao Sifa lilizimika akiwa mtoto. Tangu hapo anazunguka huko juu akiokota watu ambao majua yao yanakufa. Na kila mara kabla ya kufungua mlango wa chombo, asijue nje kuna nini, anasema, "Yaya alinibeba." Basi. Hakueleza zaidi. Watoto wa hapa walikuwa wakisema hivyohivyo wakitaka kuruka mtaro.

Mara ya kwanza kusikia maneno hayo niliweka mwiko chini. Mimi nilikuwa yaya. Kabla sijaolewa nilifanya kazi katika nyumba ya karani mmoja, nikimlea mtoto wao, Reuben. Sijawahi kumsikia mtu mzima akimtaja yaya wake kanisani wala kwenye matanga. Huyu alikuwa anakwenda kwenye nyota, na bado anamtaja.

Sauti ya Eugénie ilipoharibika mchezo ukakoma. Akawaruhusu vijana waandike vitabu vya kujaza maisha ya Sifa pale ambapo redio haikufika. Mmoja aliandika ndoa yake, mwingine uzee wake. Namuar aliomba utoto. Alimpigia Eugénie simu, akamwambia kitabu kitakuwa hasa juu ya Yaya, na Eugénie akafurahi sana, akamwambia aandike mapenzi yote ya Yaya asiache kitu. Basi Namuar akaandika miaka miwili, jioni, baada ya kusahihisha madaftari ya watoto.

Nilikisoma kilipofika, kidole kikifuata mstari. Sikufika mbali, nikarudia mstari uleule. Yaya wa Sifa alilala jikoni juu ya gunia. Nyama aliitafuna kwanza yeye, kisha akampa mtoto. Mtoto akiwa na homa, alimlaza kifuani akakaa akihesabu pumzi zake. Hayo yalikuwa mambo yangu. Niliyasema zamani nikimsuka Namuar nywele, nikidhani nasema na upepo. Nilimwuliza kama huyo ni mimi.

"Ata, sasa nani mwingine?" akasema. Ata ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kiturkana.

Nilikwenda kumchemshia chai.

Losike, anayepeleka vitunguu Kakuma, alitupa nafasi mbele kwenye pikapu yake. Kiti cha upande wangu kilikuwa kimetoboka mpaka chuma kinaonekana, akavua koti lake, akalikunja, akanitandikia. Sikuwa nimemwomba. Akasema atatungoja mpaka tumalize.

Kusoma kulifanyika katika ukumbi mmoja wa mabati kambini. Watu walijaa, wengi Wakongo na Warundi, na wanawake wachache wa kwetu. Eugénie alikuwa mama mfupi mwenye mvi za mbele tu. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Ejok, mama," akicheka kwa kuweza salamu yetu. Aliniambia macho yake hayasomi tena herufi ndogo, ndiyo maana alikataa kusomewa vipande vipande na akangoja kukisikia siku hii pamoja na watu wote. Karibu naye aliketi Lionel, aliyekuwa sauti ya fundi wa chombo katika ule mchezo, sasa ana kitambi na watoto. Alisogeza feni ikanielekea mimi.

Namuar alisoma vizuri. Alisoma Yaya akiimba, watu wakatikisa vichwa. Alisoma Yaya akimpa mtoto maji yake mwenyewe, na Eugénie akafumba macho, mdomo wake ukifuatisha. Nikasema moyoni, kitabu kimekubalika. Kisha akafika pale ambapo mtoto anaanza kumwita Yaya mama, na mama mwenyewe anasikia.

"Mama yake Sifa akampa Yaya mshahara wa mwezi," Namuar akasoma, "akamwambia, chukua nguo zako, usirudi tena. Yaya akamweka mtoto chini. Akatoka, na mlango ukafungwa."

Nilingoja makofi. Hakuna aliyepiga. Mzee mmoja wa mbele akageuka kwa jirani yake akauliza, si kwa sauti kubwa, ni mama wa namna gani anayemlipa mtoto wake mshahara. Mtu nyuma alicheka, akanyamazishwa. Namuar aliutazama ukurasa kana kwamba umebadilika mkononi mwake.

Eugénie akamwomba arudie. Akarudia, na safari hii sauti ilikuwa ndogo. Eugénie akasimama akiwa ameshika kiti chake cha plastiki kwa nyuma, na hakukiachia. Alitoka nacho hivyohivyo, miguu ya kiti ikikwaruza saruji, mpaka nje juani.

Lionel alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Alipokitoa, alimwuliza Namuar, "Mwalimu, kwenu yaya ni mfanyakazi?"

"Ni mlezi wa mtoto," Namuar akasema. "Wa kulipwa."

"Kwetu yaya ni mkubwa wako. Dada yako wa tumbo moja."

Jumapili zote hizo nilidhani anamtaja mtumishi kama mimi. Lionel naye alikuwa anajishangaa. Amekulia Kenya, maana zote mbili anazo, hii anaitumia nyumbani na ile sokoni, na hata siku moja hakuwa ameziweka pamoja. Akatueleza taratibu, kwa sababu Namuar alikuwa kama hasikii. Eugénie alikuwa na dada, Sylviane, mwenyewe bado msichana. Vita vilipofika kwao alimbeba Eugénie mgongoni akatembea naye msituni. Walipopata lori, lilikuwa na nafasi ya mtoto mmoja. Sylviane akampandisha mdogo wake, akabaki barabarani. Hakuonekana tena.

"Nimemfukuza dada yake," Namuar akasema. "Mbele ya watu wote, nimemfukuza."

Alitaka twende kwa Losike turudi nyumbani. Nikamwambia angoje. Lionel akanionyesha nyumba, haikuwa mbali.

Eugénie alikuwa mlangoni kwake, ameketi juu ya kile kiti. Alikuwa amekunja uso. Lakini aliponiona nimesimama juani aliinuka, akanisogezea kiti, yeye akakalia dumu. Nimelifikiria hilo mara nyingi.

Nilimwambia asimkasirikie mtoto. Yule wa kitabuni ni mimi, nikasema, na neno ni la kwetu, sisi hatukulijua la kwenu. Nikamwambia habari za Reuben, jinsi alivyoanza kuniita mama, na jinsi siku hiyohiyo nilivyoambiwa nifunge nguo zangu. Alinifuata mpaka kwenye kona, nimebeba furushi langu, kisha wakamrudisha. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza baadaye ilikuwaje. Nilimweleza yote, naye alikuwa anatazama chini.

Kisha akauliza, "Alikuwa muzito?"

"Nani?"

"Mutoto. Ule wa mugongoni."

Sikuwa nimetegemea swali hilo. Nikafikiri kabla ya kujibu, maana niliona anataka ukweli.

"Akiwa macho, si mzito," nikasema. "Mtoto aliye macho anakushika, anajibeba nusu. Akilala ndipo anakuwa mzito kama maji."

Akashika kitenge chake akajifunika uso. Alisema kitu ndani ya kitambaa, nikainama nimsikie.

"Nililala. Njia yote, mama, mimi nililala."

Nilimwekea mkono mgongoni. Mgongo wake ulikuwa unapiga kama wa ndama aliyekimbizwa. Baadaye akauliza kama yule anayebeba huwa anakasirika. Nikamwambia mgongo unakasirika, lakini mwenye mgongo hakasiriki, na mtoto akilala ndiyo unajua kwamba hana hofu. Hapo alinitazama kwa mara ya kwanza tangu tuketi. Alikuwa anatazama kama mtu aliyepigwa, lakini hakuniondolea macho.

Namuar alikuwa amefika uani, amebeba begi. Eugénie alimwita karibu na hakupandisha sauti. Alimwambia vitabu hivyo haviwezi kuuzwa. Namuar akajaribu kumweleza kwamba hawakufika mwisho, kwamba siku jua linapozimika Yaya anarudi mbio, anamchukua Sifa, anambeba mpaka kwenye chombo cha mwisho.

"Yako alirudi," Eugénie akasema. "Yangu hakurudi."

Miaka miwili ya Namuar ilikuwa pale kwenye begi, nami nilimwona akiinamisha kichwa kama mwanafunzi. Sikuwa na cha kumsaidia. Eugénie akanyoosha mkono, akagusa begi, kisha akanionyesha mimi.

"Huyu wa ndani si Yaya wa Sifa. Ni mama huyu. Mutoe Sifa wangu, mubakize yeye. Hiyo kitabu nitaisikiliza mpaka mwisho."

Namuar bado alikuwa kama mtu aliyeanguka na hajajua kama ameumia. Lakini alimshika Eugénie mkono kwa heshima kabla ya kugeuka, na Eugénie akauacha mkono wake ushikwe.

Nilipoinuka ndipo Eugénie alipokamata kifundo cha mkono wangu. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Mama, urudi," akasema. "Jumapili, siku yoyote. Uje unieleze tena ule mutoto alivyokuwa analala."