Siku Mbili kwenye Kochi la Wageni

Mama alipomwambia "karibu ukae," Kibiriti aligeuka kutazama nyuma yake, aone ni nani mwingine aliyeingia.

Hakukuwa na mtu ila kaka yake, aliyekuwa akihangaika mlangoni na begi lenye gurudumu moja bovu. Na mama alikuwa amenyoosha mkono kulielekea kochi kubwa, lile la watu watatu, lenye vitambaa vya kufuma mgongoni na nailoni ya dukani ambayo haijavuliwa tangu siku lilipoletwa. Kochi la wageni. Kibiriti alikuwa na miaka arobaini na mbili, meno mawili ya bandia na goti linalojua mvua kabla ya mawingu, na hajawahi hata mara moja kulikalia kochi lile mama yake akimwona.

"Mimi, mama?"

"Kwani kuna mwingine? Kaa, mwanangu. Umechoka na safari."

Akakaa kwa tako moja. Nailoni ikalia chini yake kama mtu aliyekanyagwa kidole. Mama akafungua kabati la vioo, akatoa kikombe chenye maua ya waridi na kisahani chake, akavipangusa kwa upindo wa nguo yake na kumimina chai. Kibiriti alikipokea kwa mikono miwili. Vikombe vile vilikuwa vya daktari, vya mwalimu mkuu, vya wazazi wa mchumba. Watoto wa nyumba walinywea vya bati, na vya bati venyewe vilikuwa vitatu kwa watoto wanne, kwa hiyo yeye kitinda mimba alisubiri mmoja amalize.

Enzi hizo sebule haikuwa ya watu wa nyumbani. Watoto waliingia humo Jumamosi tu, na tambara mkononi, kuifuta nailoni na kuvichana kwa kitana vishada vya vitambaa hadi vilale upande mmoja. Wageni wakija, watoto walipanga mstari kwa urefu, wakasema shikamoo, wakayeyuka. Mama hakuhitaji mdomo mbele za watu. Alikuwa na macho. Mgeni akisema, "Chukua biskuti, mtoto mzuri," ulimtazama mama kwanza, halafu ukasema, "Asante, nimeshiba," huku tumbo lako likikukana hadharani. Kulikuwa na jicho la "toka," na kulikuwa na jicho la "tutaonana wakiondoka," na hilo la mwisho ndilo lililowafanya watoto wawasihi wageni wakae mpaka giza liingie. Wageni walisifu sana. Watoto wenu wana upendo, walisema.

Mama alikuwa fundi cherehani, na watoto wake walivaa mabaki. Gauni la Kibiriti la darasa la pili lilikuwa na mgongo wa pazia la mwalimu mkuu, kifua cha sare ya wauguzi, na mkono mmoja wa suti ya bwana harusi fulani ambaye, kwa maelezo ya mama, alikuwa mfupi kuliko alivyojidai, ndiyo maana kitambaa kilibaki. Siku alipoitwa ubaoni, darasa zima lilijua mwalimu mkuu anafunika madirisha yake kwa kitambaa gani. Baba alikuwa fundi bomba, kwa hiyo bomba la kwao lilivuja. Walioga kwenye beseni moja kwa kufuata umri, na maji yalipomfikia Kibiriti yalikuwa yameshaona mengi. Walilala mzungu wa nne, wanne kitanda kimoja, kichwa kwa miguu, na hadi leo akisikia harufu ya soksi anasinzia.

Na juu ya yote hayo kulikuwa na sauti ya mama. Mama aligomba tangu jua linachomoza. Aligomba na mlango, na sufuria, na sindano iliyokatika, na mtoto aliyepita, na mtoto ambaye hakupita wakati alitakiwa apite. Ukiamka nyumba iko kimya, ulijua kuna mgonjwa.

Huko ugenini alikofanya kazi ya kuogesha wazee wa watu, Kibiriti hakukaripiwa na yeyote kwa miaka kumi na moja. Walimwambia tafadhali, walimwambia asante, na akitoka chumbani hawakukumbuka kama aliyetoka ni yeye au ni mwenzake. Kwa hiyo, makaratasi yake yalipokamilika mwishowe na akapewa likizo ya wiki mbili, hakuwa amefuata chakula wala jua. Alitaka aingie mlangoni aambiwe, "Viatu!" Basi. Akishaambiwa hivyo, atajua amefika.

Sasa alikuwa ndani ya sebule na viatu vyake miguuni, na mama alikuwa anamwongezea sukari.

Kaka mtu akaingia na begi. Huyu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu mzima mwenye mjukuu, na hakupata kuvuka zulia.

"Wewe! Hayo mabuti hayakuona kizingiti? Mimi nilizaa mtu au nilizaa trekta?"

"Nimebeba mzigo, mama."

"Punda naye anabeba mzigo, na anajua pa kukanyaga!"

Kaka akarudi nyuma akivua viatu, anacheka. Kibiriti alimtazama kwa wivu. Kama angekuwa na miaka saba, angemfinya.

Alasiri ile alimfuata uani, kwenye cheche zake.

"Kaka, mama anaumwa?"

"Mzima kama cherehani. Kwa nini?"

"Nimemwaga chai kwenye kochi. Nimeimwaga makusudi, kaka! Yeye ndiye kaomba samahani. Eti kikombe alikijaza mno."

Kaka alipandisha miwani yake myeusi. "Mimi wiki iliyopita nilimwaga maji, maji matupu, nikaambiwa ndiyo sababu mke wangu anazeeka haraka."

"Una bahati."

"Tubadilishane, basi. Wewe chukua makaripio, mimi nikakae kwenye nailoni."

"Nakuambia kweli, wewe unacheka."

"Nacheka kwa sababu umevuka dunia nzima kuja kutafuta kugombezwa, Kibiriti. Watu wengine wanaleta maua."

Lakini Kibiriti alikuwa ameshaamua. Kama makosa madogo hayatoshi, ataongeza. Aliacha sufuria wazi jikoni. Alikaa katikati ya mlango, pale ambapo zamani ungepangiwa kazi tatu kabla hujanyoosha miguu. Alichagua nyama kwenye bakuli, akaigeuza, akairudisha, akachukua nyingine. Mama alimsogezea bakuli. Asubuhi ya pili alilala hadi saa nne, akisubiri kwa hamu yule mwanamke aliyekuwa akikuamsha kwa kuvuta shuka na mguu kwa pamoja. Mama aligonga mlango. Aligonga! Taratibu, kwa kidole kimoja.

"Umeamka, mwanangu? Au nije baadaye?"

Kibiriti akajifunika uso kwa mto. Ndani ya nyumba aliyozaliwa, mama yake anaomba ruhusa ya kuingia.

Ndipo akaufikiria mkasi.

Katika nyumba ya fundi cherehani kuna makosa, halafu kuna kosa la mkasi. Mkasi wa kitambaa ulining'inia kwenye msumari wake juu ya cherehani, mkubwa, mweusi mpinini, na haukupata kukata kitu kingine. Karatasi huua makali. Kila mtoto alilijua hilo kabla ya kujua kuhesabu. Kibiriti akiwa na miaka minane aliutumia kukatia maua ya karatasi ya shuleni, na mama alimkimbiza kona tatu za mtaa, mita ya kupimia shingoni, kandambili mguu mmoja, akamwacha mteja katikati ya chumba amejaa pini mwili mzima. Yule mama wa watu alisimama nusu saa. Aliogopa kukaa.

Basi siku ya pili, saa nane mchana, mama akiwa anashona pembeni ya dirisha, Kibiriti aliinuka kwenye kochi la wageni, akautungua mkasi, akarudi kukaa. Akachukua gazeti kuukuu. Akalikunja mara mbili, ili liwe nene. Akakata.

Krrap.

Cherehani ikanyamaza.

Akakata tena, polepole, mwendo wa mtu anayechokoza nyuki kwa kijiti. Mama alikuwa amegeuka. Macho yalikuwa juu ya mkasi, mshipa umemsimama shingoni, na midomo ilikwishafunguka. Kibiriti alishikilia pumzi. Njoo, alisema moyoni. Njoo, mama yangu.

Midomo ikafungika.

"Kata tu, mwanangu," mama alisema, na sauti ilimtoka kama uzi unaopita tundu dogo. "Chuma ni chuma."

Kibiriti akautupa mkasi juu ya kochi. "Mama, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu. Nikuletee chai?"

"Sitaki chai! Kaka unamwita trekta, mimi unaniletea visahani. Mimi ni mtoto wa hapa au siye? Nigombeze, mama! Nimekata gazeti na mkasi wako, unaona, nimekata hadi picha! Nigombeze kama watu!"

Mama alitazama mikono yake, akaondoa pini iliyokuwa imechomekwa begani, akaichomeka pale pale.

"Nikikugomba utaondoka," alisema.

"Nani kasema?"

"Baba yako. Asubuhi ile ya safari unaikumbuka? Mimi naikumbuka. Nilikugomba tangu umefungua macho. Begi limejaa, zipu itakatika, nani alikufundisha kukunja nguo, unasafiri kama mkimbizi. Begi, begi, begi. Nilikuwa naogopa, mtoto wewe, na sikujua kusema naogopa, nikagombana na begi. Ukapanda gari bila kugeuka. Baba yako akaniambia, 'Haya, umemfukuza mtoto kwa mdomo wako.' Alikuwa anatania. Unamjua alivyokuwa. Lakini mwaka ukapita. Ikapita miwili. Akaugua, akalala, tukamzika, na wewe huji. Nikasema mzee hakutania. Nikajiapiza: akirudi yule, mdomo huu nitaushona."

Kibiriti alitaka kucheka, ikashindikana. "Sikugeuka kwa sababu nilikuwa nalia, mama. Na sikuja kwa sababu ya makaratasi. Niliambiwa nikitoka kule siruhusiwi kuingia tena. Ningetoka nisingeweza kurudi."

"Kurudi wapi?"

"Kule. Kazini."

Mama akainuka. Haikuwa haraka, goti lake nalo lilikuwa la ukoo ule ule, lakini alipofika wima alikuwa mrefu kama zamani.

"Na hapa, nani angekufukuza?"

Kibiriti aliokota kipande cha gazeti.

"Nakuuliza! Hapa pana mlinzi? Hapa pana mtu wa kukudai karatasi mlangoni? Baba yako siku tatu za mwisho kila mlango ukilia anauliza, 'Ni Kibiriti huyo?' Mimi nimjibu nini? Namwambia ni upepo. Mlango unalia, namwambia upepo. Nyumba hii haijawahi kuwa na upepo kiasi kile! Akaniambia, 'Fundi, huo upepo ukiingia uukaribishe.' Wewe unaniambia karatasi! Nikamzika baba yako nikiwa na simu sikioni, nainua simu juu ili usikie dua, watu wananitazama kama nimerukwa na akili. Simu! Nimezaa simu mimi?"

"Mama..."

"Nyamaza, bado! Umeyaomba, sasa kaa hapo uyanywe!"

Hili halikuwa karipio alilolifuata. Alikuwa amelitamani lile la viatu, la sufuria wazi, lile ambalo ulilicheka ukishageuka kona. Hili lilimwingia hadi mifupani. Alijikuta ameteremka kwenye nailoni, yuko chini sakafuni, magoti kifuani, machozi yanamfika kidevuni, na mama amesimama juu yake akimpitisha mwaka mmoja baada ya mwingine: mwaka wa mafuriko, mwaka wa jicho lililofanyiwa upasuaji, sikukuu ambazo sahani yake iliandaliwa kwa mazoea kisha ikarudishwa kabatini. Hakuruka hata mmoja. Na Kibiriti hakumwomba aruke.

Kaka akachungulia mlangoni, miwani ya kuchomelea kichwani.

"Na wewe unatafuta nini? Sinema? Ingia au toka, nzi wanajaa!"

Akatoka, mbio.

Mama alifika mwaka wa kumi na moja sauti ikamkatika. Akakohoa, akaketi. Alikuwa ameketi kwenye kochi la wageni bila kujua, juu ya vipande vya gazeti, anahema.

"Umekonda pia," alisema kwa sauti iliyobaki. "Huko hawali? Nipe maji."

Kibiriti aliinuka upesi, akifuta uso kwa kiganja, akaenda jikoni. Alinyoosha mkono pale ambapo maji yalikaa siku zote. Palikuwa na ndoo ya vibanio vya nguo. Akafungua kabati la chini: unga. Akafungua la pembeni, akakuta vitambaa. Kila kitu kilikuwa kimehama bila yeye, kimoja kimoja, kwa miaka yote ile.

"Sioni, mama!"

"Utaonaje na wewe hujui yaliko! Jagi, kwenye rafu, kushoto!"

Akaenda kushoto.

"Si kushoto huko, kushoto kwa dirisha! Mtoto huyu! Unatafuta kwa macho au kwa mgongo?"

Jagi lilikuwa pale, limefunikwa kisahani, maji yake baridi. Kibiriti alishaliona. Akasimama mbele yake, akaweka kiganja ubavuni mwa jagi, kisha akanyoosha mkono wa pili akafungua kabati la kulia, kwa kishindo, ili lisikike sebuleni.