Barabara Iliyo Chini ya Ziwa

Mama Angelina alishuka kutoka Karatu mjini na begi tupu, wala hakuficha limekuja kubeba nini.

"Hili ni la nguo za Marsela," alimwambia mkwewe, Selestina, kabla hata hajapokea kikombe cha chai. "Nakaa hapa siku tatu. Mtoto akichelewa shule siku moja tu, naondoka naye. Mjukuu wangu hatalelewa kama bata."

"Bibi, bata hawaendi shule," Marsela akasema.

"Ndiyo hilo ninalosema."

Familia ilikuwa na mwaka wa tatu inaishi botini. Ziwa Eyasi lilipofura na kumeza mashamba ya vitunguu upande wa Baray, majirani walifunga virago wakapanda mlimani. Hilary, mume wa Selestina, hakufunga chochote. Alikuwa fundi bodi, kazi yake kurefusha magari ya watalii, basi akaunda boti ya mita tisa kwa namna pekee aliyoijua: paa la kuinuliwa, vyuma vya kushikilia kwenye kila kiti, hata kisanduku cha kupozea soda. Humo walilala chini ya neti, humo walipika, na humo walizunguka ukingo mzima wa ziwa kijiji baada ya kijiji, wakibeba vitunguu, wagonjwa na mabibi harusi.

Usukani ulikuwa wa Selestina. Miaka kumi na mmoja alikuwa ameendesha watalii kuteremka Ngorongoro hadi Eyasi, na wavuvi walimtania kwamba anapiga honi kwenye kona hata pasipo na kona.

Siku mbili zilipita salama. Mama Angelina alikagua masufuria, akakagua neti, akakagua viatu vya shule, akakosa la kusema, na hilo likamuudhi. Siku ya tatu ilikuwa ya mtihani wa taifa wa darasa la nne. Kengele ni saa mbili kamili. Selestina aliwasha injini saa moja na dakika kumi, mapema kuliko kawaida, moyo ukimdunda kama yeye ndiye mtahiniwa.

Njia yao ya kila asubuhi ilifuata ukingo, katikati ya migunga iliyokufa maji. Walipokunja kuingia kwenye uchochoro huo, Selestina akakata injini.

Kiboko alikuwa amekaa katikati ya njia, na mgongoni pake mtoto wake.

"Tungoje," Hilary akanong'ona. "Ataondoka."

"Lini?"

"Akitaka mwenyewe. Unataka mimi nimuulize?"

Walingoja. Kiboko alipiga miayo, akawaonyesha meno yote, akafumba macho. Saa moja na nusu ikafika. Mama Angelina akatazama saa yake, akavuta begi likaja miguuni.

"Nianze kukunja sketi au gauni?" akauliza, taratibu kabisa.

Marsela hakulia. Alishika rula yake kwa mikono miwili, akamtazama mama yake usoni. Hapo ndipo Selestina alipogeuza boti, pua ikaelekea katikati ya ziwa.

"Tunapita barabarani," akasema.

"Barabara gani?" Mama Angelina akauliza.

"Ile ya zamani, Mama. Iko chini."

Kila mtu wa ziwa aliijua hatari hiyo. Barabara ya changarawe iliyokuwa ikikatiza bondeni ilijengwa juu ya tuta, na sasa tuta lilikuwa limelala shubiri moja chini ya maji, kimya, likivunja propela za watu. Pengo la boti kupita lilikuwa moja tu, pale mafuriko yalipong'oa kalavati: upana wa lori moja. Na maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Macho hayakuona kitu.

Lakini Selestina hakuhitaji kuona chini. Mara ngapi alifika kwenye kalavati lile na wageni wanane nyuma? Alikumbuka mahali mguu wake ulipokanyaga klachi. Alikumbuka kwamba hapo, na hapo tu, kilele cha mlima Oldeani kilikaa sawasawa juu ya tangi la maji la shule, kama kofia juu ya kichwa. Ukienda kulia kidogo kofia inaanguka. Ukienda kushoto pia.

Akaongeza mwendo. Upepo ukainuka, mawimbi yakaanza kupiga ubavuni, masufuria yakagongana jikoni. Marsela akashika chuma, akaanza kucheka kicheko ambacho hakuweza kukizuia, na Selestina akahisi kicheko hichohicho kikimpanda kooni. Alikuwa anaendesha tena. Akiielekea barabara yake mwenyewe.

"Polepole," Hilary akasema.

"Nikipunguza, upepo utanisukuma nje ya mstari."

Kofia ilikuwa inasogelea kichwa. Bado kidogo. Bado. Na wakati huohuo Mama Angelina, aliyekuwa ameketi mbele, akasimama wima ainue mikono kusali, na kitenge chake kikajaa upepo kama pazia. Tangi likapotea. Mlima ukapotea.

"Kaa chini, Mama! Unaniziba!"

Sauti ile ilikwenda mpaka ng'ambo. Mama Angelina akaanguka kitini kana kwamba amesukumwa. Kofia ilikuwa kichwani. Selestina akanyoosha usukani, na boti ikapita, changarawe ikikwaruza ubavu wa kushoto kwa sekunde mbili ndefu, kisha ikaacha.

Saa moja na dakika arobaini na nane Marsela aliruka ufukweni, viatu mkononi, akakimbia bila kuaga.

Mama Angelina alipangusa uso, akatengeneza kitenge, akamgeukia mkwewe.

"Mtoto atabaki," akasema. "Nimejionea. Ila umenipigia kelele mbele ya mwanangu na mjukuu wangu. Mimi tangu niolewe sikuwahi kumpandishia mama mkwe sauti. Uniombe radhi, yaishe."

"Sema tu, mama Marsela," Hilary akabembeleza. "Neno moja."

Selestina akainama kwa adabu, kama anavyoinama kila asubuhi anapomwamkia.

"Mama, nakuheshimu. Chai nitakuchemshia, samaki nitakukaangia, na kesho nitakusindikiza mpaka mlangoni kwako Karatu. Radhi siombi. Ukisimama tena mbele yangu nikiwa usukanini, nitakupigia kelele tena."